Polisi ni Nani, na Nani Anamlipa? Historia ya Askari wa Usalama katika Nchi Yetu

Mazungumzo haya yalisemwa kwanza redioni hapa Kalemie. Tumeyaweka kwenye karatasi ili asiye na redio asome, na aliyesikia akumbuke na kuwasomea wengine.

Kila mara tunapokaa pamoja na kuuliza, «Mnahitaji nini ili mrudi vijijini kwenu?», jibu la kwanza ni lile lile: usalama. Leta ituletee polisi. Halafu kunatokea sauti nyingine, mara nyingi ya mama, ikiuliza: «Polisi gani? Wale wa kwenye barieri?» Na watu wanacheka, lakini ni kicheko cha uchungu.

Sauti hizo mbili zote zinasema kweli. Bila polisi, mwenye mshale mrefu ndiye sheria. Na pamoja na polisi mwenye njaa, muuza mihogo hafiki sokoni na mzigo wake mzima. Basi leo sitawaambia kwamba polisi ni wazuri, wala kwamba ni wabaya. Ninataka tuulize: polisi anatengenezwa namna gani?

Jibu langu ni hili. Polisi anatengenezwa kwa mambo manne: jinsi anavyoandikwa kazini, jinsi anavyopandishwa cheo, mahali anapotumwa, na jinsi anavyolipwa. Tangu mwaka 1885 mpaka leo, nchi yetu imebadilisha mara nyingi jina la askari wake wa usalama, na nguo zao, na bendera yao. Mambo manne hayo yalibadilika kidogo sana. Tufuate historia hiyo hatua kwa hatua, mwisho turudi nyumbani Tanganyika tuone inatufundisha nini.

1. Askari wa Bula Matari

Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, alipojitwalia nchi hii mwaka 1885, alihitaji watu wa kubeba bunduki. Jeshi lake likaitwa Force Publique. Lilikuwa na kazi mbili kwa pamoja: kupigana na maadui, na kuwalazimisha wenyeji walete mpira wa msituni na pembe za tembo. Hakukuwa na polisi mbali na jeshi. Tulikumbuke jambo hilo. Mtu wa kwanza kuvaa nguo za Leta mbele ya babu zetu alikuwa mtu wa vita. Hakuja kulinda raia.

Waliandikwa namna gani? Mwaka 1891 ilitoka amri kwamba machifu watoe vijana. Ni chifu gani angempa mtoto aliyempenda? Wengi walitoa watumwa, au vijana wasiokuwa na wa kuwatetea, au wale waliowachukia. Kijana aliyetolewa na watu wake mwenyewe alivaa kofia nyekundu, akapewa bunduki, akarudi kwa raia akiwa na hasira. Mwisho wa karne ile askari wa Force Publique walikuwa karibu 19,000.

Askari hao waliasi. Waliasi Luluabourg mwaka 1895, na wakaasi tena mwaka 1897 katika msafara wa Dhanis uliokuwa ukielekea mto Nil. Wazungu walitafuta dawa ya maasi, nayo ilikuwa hii: kuchanganya makabila katika kila kikosi, na kumtuma askari mbali na kwao, mahali ambapo haelewi lugha ya raia wala raia hawamjui. Lingala ikawa lugha ya amri.

Dawa hiyo ilikuwa na pande mbili, na ni vizuri tuwe wakweli. Upande mmoja ilizuia kabila moja kumiliki bunduki zote. Upande wa pili ilimfanya askari awe mgeni siku zote. Waswahili wanasema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu hakuja kuponya. Alitumwa mbali kusudi asiwahurumie aliokuwa akiwapiga.

Hapa kwetu mji ulianza kama boma mwishoni mwa mwaka 1891, lililojengwa na kapteni Jacques, likaitwa Albertville. Wakati wa vita vya kwanza vya dunia, askari wa Force Publique waliingia Kigoma na kufika Tabora mwezi wa tisa mwaka 1916. Ni jeshi hilo hilo ambalo nyumbani lilikuwa likisimamia kodi.

2. Polisi wa msimamizi na polisi wa chifu

Baada ya vita, serikali ya Ubelgiji iliona kwamba kazi mbili kwa mtu mmoja zinaharibika zote mbili. Wakagawanya askari: wengine wakakaa kambini kungojea vita, wengine wakatumika katika wilaya. Mwaka 1926 likaundwa pia kundi la polisi wa wilaya, lililokuwa chini ya wasimamizi wa teritwari. Na machifu nao walikuwa na polisi wao wadogo, wale waliopeleka barua, waliokamata wasiolipa kodi, waliosimamia kazi za barabara na mashamba ya lazima.

Polisi wa chifu alikuwa mtu wa kijiji. Alijua kila mlango. Lakini alijibu kwa chifu, na chifu alijibu kwa msimamizi mzungu. Raia hakuwa na mtu wa kumwambia kwamba polisi amemwonea, maana aliyemtuma na aliyemhukumu ni mmoja. Tuone hapo jambo la kutufaa: polisi wa karibu si lazima awe polisi mwema. Ukaribu bila mtu wa kumkagua unaweza kuwa mateso ya karibu.

Na cheo? Mkongo angeweza kutumika miaka ishirini, akajua kusoma, akajua vita, lakini hakuwa ofisa. Maofisa walikuwa Wabelgiji tu. Kosa hilo lilikaa kimya zaidi ya miaka sabini. Halafu likalipuka.

3. Siku tano za mwaka 1960

Uhuru ulikuja tarehe 30 mwezi wa sita mwaka 1960. Force Publique ilikuwa na watu karibu 24,000, na maofisa wake wapatao elfu moja walikuwa Wabelgiji. Hapakuwa na ofisa hata mmoja aliyekuwa Mkongo. Raia alipata rais wake na waziri wake mkuu. Askari alibaki na mkubwa yule yule wa jana.

Jenerali Janssens, mkuu wa jeshi, aliwakusanya askari mjini Léopoldville akaandika ubaoni kwamba kabla ya uhuru na baada ya uhuru ni sawasawa. Tarehe 5 mwezi wa saba askari waliasi Léopoldville na Thysville. Uhuru ulikuwa na siku tano tu. Serikali ya Lumumba ikaharakisha kufanya kwa siku chache kazi ambayo haikufanywa kwa miaka mingi: Victor Lundula akafanywa jenerali, Joseph Mobutu akawa kanali na mkuu wa majemadari, na vyeo vya Waafrika vikapandishwa. Lakini maasi yalikwisha kusambaa. Ubelgiji ikaleta wanajeshi wake, na tarehe 11 Moïse Tshombe akatangaza kwamba Katanga imejitenga.

Ndugu zangu, watu wengi wanafikiri kwamba mambo ya vyeo na orodha za askari ni mambo ya ofisini, ya watu wenye kalamu. Tazameni mwaka 1960. Swali la nani anapandishwa cheo lilitikisa nchi nzima kwa siku tano.

4. Kila mkubwa na polisi wake

Wazee wa huku hawahitaji kitabu ili kukumbuka yaliyofuata. Tshombe alikuwa na jandarmeri yake ya Katanga. Baluba wa kaskazini, wafuasi wa BALUBAKAT ya Jason Sendwe, walikataa kujitenga, na vijana wao wakashika silaha walizokuwa nazo. Vijiji vilichomwa. Tarehe 8 mwezi wa kumi na moja mwaka 1960, huko Niemba, askari tisa wa Irlandi waliokuwa katika jeshi la Umoja wa Mataifa waliuawa. Walikuja kulinda amani, lakini kila mtu mwenye bunduki alikwisha kuonekana kuwa adui. Watu hawakuweza tena kujua askari wa nani ni wa nani.

Kujitenga kwa Katanga kulikwisha mwezi wa kwanza mwaka 1963. Wakati huo nchi ilikuwa imekatwa katika mikoa midogo ishirini na zaidi. Mji wetu ukawa makao makuu ya Katanga ya Kaskazini. Mikoa hiyo ilikuwa na polisi wake, na polisi hao waliandikwa mara nyingi kwa ujamaa na kwa chama. Katikati ya mwaka 1964 uasi ulifika Albertville, na Sendwe akauawa hapa hapa. Polisi wa mwanasiasa hawakuweza kumlinda hata mwanasiasa.

5. Nyakati za Mobutu: majina matatu, mshahara haufiki

Mobutu aliunganisha polisi wote mwaka 1966 wakawa Polisi ya Taifa. Ilikuwa hatua nzuri: polisi mmoja kwa nchi nzima. Lakini mwaka 1972 Polisi ya Taifa ikavunjwa, watu wake wakaingizwa katika Jandarmeri, ambayo ilikuwa sehemu ya jeshi. Tukarudi mwaka 1885: anayelinda soko na anayepigana vita ni mtu mmoja, chini ya mkubwa mmoja. Mwaka 1984 ikaongezwa Garde Civile, na mkuu wake, Kpama Baramoto, alikuwa mtu wa karibu sana wa rais. Sasa makundi mawili yalifanya kazi moja, yakitazamana kwa wivu, na juu yao kulikuwa na kikosi cha kumlinda rais, kilicholipwa vizuri kuliko wote. Watu wa mkoa wa rais walipewa nafasi nyingi za juu. Yule aliyetoka kwingine alijua kwamba bidii yake haina mwisho mwema.

Hapo pesa ikaanza kupotea thamani. Mshahara ulichelewa, na ulipofika haukutosha gunia la unga. Ndipo raia na askari wote wakaingia katika «Artikle 15», maana yake jitafutie mwenyewe. Raia alijitafutia kwa biashara ndogo. Askari alijitafutia kwa raia. Mwezi wa tisa mwaka 1991 askari wasiolipwa vizuri walipora Kinshasa, na uporaji ukaenea miji mingine. Mwanzoni mwa mwaka 1993 walipora tena, walipolipwa noti mpya za milioni tano ambazo wenye maduka walizikataa.

Na katika Katanga, kati ya mwaka 1992 na 1993, Wakasai walifukuzwa kutoka Likasi, Kolwezi na miji mingine, na vijana wa JUFERI walikuwa mbele katika kazi hiyo. Ninawaomba msome mstari huu mara mbili, kwa kuwa unatuhusu: pale ambapo askari wa Leta hawasimami katikati, vijana wa kabila moja huchukua kazi yao, na huichukua kwa kuwafukuza wengine. Wahamishwa wa wakati ule walilala katika stesheni za treni. Wa wakati huu wanalala chini ya maturubai. Chanzo kinafanana.

6. Polisi ya leo ilitoka wapi

Mwaka 1997 serikali ya Laurent-Désiré Kabila iliondoa Jandarmeri na Garde Civile, ikaweka Polisi ya Taifa ya Kongo, ile tunayoiita PNC. Lakini mwaka 1998 vita vilianza tena. Kalemie ilikaa chini ya RCD, upande wa pili ulikuwa na serikali ya Kinshasa, na kila upande ulikuwa na polisi wake. Baada ya mapatano ya Pretoria ya mwezi wa kumi na mbili 2002, wote walitiwa katika orodha moja: jandarme wa zamani, garde civil wa zamani, wapiganaji wa kila kundi, na vijana wapya. Wengine walikuwa na masomo ya polisi. Wengine walijua vita tu.

Kazi ya kutengeneza ilianza mwaka 2005, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, Umoja wa Ulaya na nchi marafiki. Swali la kwanza lilikuwa rahisi kulisema na gumu kulijibu: polisi ni wangapi? Ilibidi wahesabiwe mtu kwa mtu, wapigwe picha na kuchukuliwa alama za vidole. Hesabu zilizotajwa miaka hiyo zilikuwa karibu laki moja kwa nchi nzima. Tukiichukua hesabu hiyo, na tukisema Wakongo ni milioni mia moja, ni polisi mmoja kwa watu elfu moja. Na wengi wa hao wako Kinshasa na miji mikubwa. Kwa hiyo mtu wa Nyunzu au Manono anayesema «hatujaona polisi» hasemi uongo.

Katika jeshi, ujumbe wa Ulaya ulioanza mwaka 2005 ulileta jambo moja dogo lenye nguvu kubwa: kutenganisha njia ya amri na njia ya mshahara. Zamani pesa ilishuka kutoka kwa jenerali kwenda kwa kanali, kutoka kwa kanali kwenda kwa komanda, na kila mkono ulishika kidogo. Tena yule aliyepokea pesa ndiye aliyeandika hesabu ya watu. Alikuwa na faida ya kuandika majina hewa. Walipohesabu upya, orodha ilipungua sana. Tangu mwaka 2011 serikali ilianza pia kulipa watumishi wake kwa njia ya benki.

7. Mfano wa hesabu

Tuseme kuna kituo cha polisi, cha mfano tu. Kwenye orodha kuna majina 40. Kazini wanaonekana 25. Wale 15, wengine walikufa, wengine walihama, wengine hawakuwahi kuwepo. Mshahara wa 15 unaliwa na mtu. Huyo mtu hatapenda kituo kipate polisi 15 wa kweli, kwa sababu wakija, pesa yake inakwisha. Kumbe upungufu wa polisi kijijini unaweza kuwa biashara ya mtu mjini.

Sasa tuwatazame wale 25. Benki iko Kalemie. Aliye mbali hutembea siku kadhaa kwenda kuchukua mshahara na siku kadhaa kurudi. Wakati huo kituo ni kitupu. Wengine ni wazee ambao wangepaswa kupumzika, lakini kustaafu bila mafao ya kuishi nayo ni sawa na kufukuzwa, basi wanabaki. Nafasi hazifunguki, vijana hawaandikwi, na vyeo havipandi.

Na aliyebaki kwenye barieri anajua jambo jingine: jioni mkubwa wake anangoja «raporti», maana yake sehemu ya pesa ya siku. Asipoipeleka, kesho atahamishwa mahali pasipo na pato. Kwa hiyo ile franka anayomdai mama wa mihogo haibaki yote mfukoni mwake. Inapanda. Mshahara unashuka ukipungua, na raporti inapanda ikiongezeka. Ukimkasirikia polisi wa barieri peke yake, unakasirikia tawi na kuacha mzizi.

Sisemi hivyo ili kumsamehe. Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 28, inasema kwamba hakuna anayelazimika kutekeleza amri iliyo wazi kuwa si halali. Lakini mwenye kutaka kuponya ugonjwa lazima ajue unakaa wapi.

8. Majirani wetu walifanya nini

Ng'ambo ya ziwa, Burundi ilikuwa na jeshi na jandarmeri zilizotawaliwa na watu wa upande mmoja, na vita vya miaka mingi. Mapatano ya Arusha ya mwezi wa nane mwaka 2000 yalikata shauri kwamba kabila moja lisipite nusu katika vyombo vya usalama. Polisi mpya ya taifa iliundwa kwa sheria ya mwisho wa mwaka 2004, ikiwachanganya jandarme, polisi wa zamani na wapiganaji wa misituni. Katiba ya mwaka 2005 ikaithibitisha nusu kwa nusu hiyo. Ilisaidia: Mhutu na Mtutsi walilinda barabara moja. Lakini mwaka 2015, wakati wa ugomvi juu ya muhula wa tatu wa rais Nkurunziza, polisi hao hao walifyatua risasi kwa waandamanaji, na Warundi wengi wakavuka kuja kwetu, wakafunguliwa kambi ya Lusenda, katika teritwari ya Fizi. Fundisho ni hili: kuchanganya makabila kunazuia polisi wa kabila. Hakuzuii polisi wa chama.

Kenya nayo, baada ya mauaji yaliyofuata uchaguzi wa mwaka 2007, iliandika katiba mpya mwaka 2010 na kuunda tume ya kuandika na kupandisha vyeo vya polisi, mbali na wakubwa wa polisi wenyewe. Kuanzia mwisho wa mwaka 2013 tume iliwaita maofisa mmoja mmoja, waeleze mali yao ilitoka wapi. Walipoangalia pesa zilizotumwa kwa simu, waliona polisi wadogo wa barabarani wakiwatumia wakubwa wao pesa mara kwa mara. Ni raporti ile ile, safari hii iliacha alama. Kazi hiyo haikumaliza maovu yote, lakini ilionyesha kwamba raporti inaweza kuonekana, na kinachoonekana kinaweza kukatwa.

9. Na sisi wa Tanganyika?

Mkoa wetu ulizaliwa mwaka 2015, Katanga ilipogawanywa. Ulizaliwa katikati ya moto. Ugomvi wa Batwa na Baluba ulikuwa umeanza, na mwaka 2016 na 2017 uliwaka Nyunzu, Kabalo, Manono na Kalemie. Watu mamia ya maelfu waliacha mashamba. Kila upande ulikuwa na vijana wenye mishale waliosema: «Sisi ndio tunalinda watu wetu.» Kongamano la amani lilifanyika hapa Kalemie mwezi wa pili 2017, na mapatano mengine yakafuata. Mwezi wa sita 2022 askari wa MONUSCO waliondoka mkoani kwetu. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na fimbo hiyo ya mbali imekwisha kwenda. Iliyobaki ni ya kwetu.

Ndiyo maana ninasema tusiombe polisi tu, kama mtu anayeomba mvua bila kujali kama ni ya mawe. Tuombe polisi kwa maneno ya sheria. Katiba, kifungu cha 183, inasema polisi haina chama, ni ya taifa zima, na hakuna anayeruhusiwa kuigeuza kwa faida yake. Kifungu cha 184 kinasema polisi iko chini ya mamlaka ya kiraia ya mahali. Maana yake, msimamizi wa teritwari na meya wana haki na wajibu wa kuiuliza. Kifungu cha 190 kinakataza mtu yeyote kuunda jeshi lake au kundi la vijana wenye silaha, hata akisema analinda kabila. Sheria ya mwaka 2011 imepanga polisi, na sheria ya mwaka 2013 imeeleza maisha ya kazi ya polisi: kuandikwa, cheo, adhabu, kustaafu. Na dekreti ya mwaka 2013 imefungua mabaraza ya usalama wa karibu, mahali ambapo viongozi, polisi na raia wanakaa meza moja.

Basi viongozi, mnapokutana na komanda katika baraza, mwulizeni kwa heshima, bila kelele, maswali haya. Polisi waliopangwa kwa eneo letu ni wangapi, na waliopo kazini leo ni wangapi? Wanalipwa wapi, na kituo kinabaki na nani siku ya mshahara? Kati yao wako wanaojua lugha za hapa? Kuna mwanamke wa kumpokea mama aliyebakwa? Kuna mtoto wa Batwa? Raia akionewa, anamwendea nani asiye mkubwa wa yule aliyemwonea? Komanda mwema atafurahi kuulizwa, maana maswali hayo yanampa nguvu ya kudai kutoka juu.

Kuhusu mtoto wa Batwa, tusiseme tu «hawataki kusoma». Asiye na karatasi ya kuzaliwa na asiye na shule hawezi kuandikwa kazini, na mwisho anaonekana kama mgeni katika nchi ya babu zake. Mtoto anayezaliwa, hata kambini, aandikishwe kabla ya siku 90. Hiyo ni kazi ya amani, na inaanza kwa mama na kwa kiongozi wa kambi, siyo Kinshasa.

Sasa nimalize na sisi wenyewe, maana si haki kuhesabu makosa ya mwingine tu. Ni mara ngapi mtu anadaiwa pesa, na mdai badala ya kwenda mahakamani anampa polisi kitu ili amtie mdaiwa kasho? Deni si kosa la jinai, na deni halimpeleki mtu kasho. Na yeyote aliyekamatwa haruhusiwi kukaa mikononi mwa polisi zaidi ya saa 48 bila kupelekwa mbele ya hakimu au mwendesha mashtaka. Tunapomkodi polisi kumpiga jirani, tunamfundisha kwamba yeye ni wa kukodiwa. Kesho jirani atamkodi juu yetu. Na kama jirani huyo ni wa kabila jingine, tumekwisha kuwasha moto uliotuleta kambini.

Askari wa Bula Matari hakuwa na wa kumwuliza. Polisi wa chifu hakuwa na wa kumwuliza. Askari wa mwaka 1991 alikosa hata wa kumlipa. Tukirudi vijijini kwetu bila kuuliza, tutamkuta yule yule njiani, amevaa nguo mpya.

Amani iwe nanyi, na safari ya kurudi iwe ya heri.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Wazee wanakumbuka polisi au jandarme gani katika kijiji chenu? Alitoka wapi, alijibu kwa nani?
2. Polisi wa kwenu na polisi mgeni: kila mmoja ana faida gani na hatari gani kwa Batwa na kwa Baluba?
3. Katika kambi yenu au kijiji chenu, raia akionewa na polisi, hatua ya kwanza ni ipi?
4. Ni mambo gani tunawapelekea polisi ambayo yangepaswa kwenda kwa wazee au mahakamani?
5. Kati ya maswali ya kumwuliza komanda, ni lipi mtaanza nalo, na nani ataliuliza?